Baba Mpya na Tasnifu Isiyokwisha

Katika Vyuo Vikuu vyetu, kule Mlimani Dar es Salaam, Morogoro, Mwanza, Dodoma na kwingineko, wako wanaume wengi wanaosoma shahada ya pili au ya tatu hali wamekwisha oa. Jambo hili si la ajabu. Kijana humaliza shahada ya kwanza akiwa na miaka 23 au 24, huajiriwa, hufundisha shule au hushika kazi ya ofisi kwa miaka minne mitano, huoa, ndipo mwajiri wake au moyo wake mwenyewe humwambia arudi darasani. Basi mara nyingi mwaka uleule anaotakiwa kuandika tasnifu ndio mwaka ambao nyumba yake hujaliwa mtoto wa kwanza. Habari mbili njema huingia kwa mlango mmoja, na nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili.

Somo letu la leo lamhusu baba huyu. Juu ya mama mzazi yamekwisha andikwa mengi, nayo ni haki yake. Juu ya baba husemwa machache tu: alete fedha, asiwe na kelele, angoje. Lakini baba anayemaliza masomo fedha hana, kimya anachokitafuta yeye ndicho kilichokosekana nyumbani, na kungoja hawezi, kwa maana Chuo kimemwekea tarehe. Naye akitafuta mtu wa kumwuliza, wazee wake watamwambia kwamba wao walizaa watoto wanane bila ya kuuliza mtu. Wenzake wa darasani ambao hawajaoa watamcheka. Na msimamizi wake atamwuliza sura ya nne iko wapi.

Zamani desturi ya wengi ilikuwa kungoja. Mwalimu Julius Nyerere alikwisha mchumbia Maria Gabriel alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Akasoma huko hata akapata shahada yake, akarejea Oktoba 1952, na Januari 1953 wakafunga ndoa. Mchumba alingoja miaka mitatu na zaidi. Twawasifu waliofanya hivyo, ila hatuwezi kuwaambia vijana wa leo wafanye vivyo hivyo, maana masomo ya siku hizi yamerefuka mno. Uzamili waweza kuchukua miaka miwili, uzamivu mitatu au minne juu yake, na mara nyingi huzidi. Atakayengoja mpaka karatasi ya mwisho itiwe sahihi ataoa mvi zimekwisha ingia. Kwa hiyo tusiulize kama mambo haya mawili yaweza kukaa pamoja. Yanakaa pamoja tayari katika nyumba nyingi. Tuulize ni nani hulipa gharama yake.

Kwanza baba na aijue siku ya mtoto mchanga ilivyo, maana wengi huikisia vibaya. Mtoto aliyezaliwa hulala kati ya saa 14 na 17 katika kila saa 24. Mwanafunzi akiisikia hesabu hiyo hufurahi, akadhani amepata nafasi ya kuandika sura nzima. Lakini usingizi huo umekatwa vipande vipande, saa mbili hapa, saa tatu pale, bila kujali kama ni usiku au mchana. Tena mtoto hunyonya mara 8 hadi 12 katika mchana na usiku wake. Kilio chake huongezeka toka wiki ya pili hivi, hufikia kilele chake karibu na wiki ya sita, ndipo hupungua kidogo kidogo hata mwezi wa tatu au wa nne. Hili la wiki ya sita ni la kuwekwa moyoni. Baba akiweza kuchagua, asiahidi kumpelekea msimamizi sura nzito katika wiki ya tano, sita au ya saba. Ahadi hiyo hataitimiza, na aibu ya kutoitimiza ataileta nyumbani kama hasira.

Upande wa pili iko siku ya tasnifu. Wale wasiopata kuiandika hudhani ni kitabu ambacho mtu hukaa akakiandika toka mwanzo hata mwisho. Sivyo. Huanza na pendekezo la utafiti. Hufuata safari ya kukusanya habari uwandani. Kisha majibu ya hojaji mia mbili au mia tatu huingizwa moja moja katika kompyuta. Sura huandikwa, hupelekwa kwa msimamizi, hungojwa wiki tatu, hurudi zimejaa alama nyekundu, huandikwa upya. Halafu watahini wa ndani na wa nje huzisoma, na mwisho mwanafunzi husimama mbele ya jopo kuitetea kazi yake. Humo ndani mna kazi za namna mbili. Iko kazi ya kichwa kizima, nayo ni ile ya kujenga hoja, kuamua matokeo yasema nini, kuandika kurasa ambazo hazijapata kuandikwa. Na iko kazi ya mikono na macho tu: kupanga marejeo kwa alfabeti, kusahihisha tahajia, kuchora majedwali, kuingiza hojaji. Baba mwenye mtoto mchanga asizichanganye. Saa moja ya alfajiri, baada ya usingizi japo wa saa nne mfululizo, ni ya kichwa. Ile nusu saa ya saa tisa za usiku, mtoto akiwa begani na macho yakiwa mazito, yafaa kwa kupanga marejeo na si zaidi. Wengine hufanya kinyume: asubuhi njema huipoteza kwa kupamba majedwali, na usiku hujaribu kufikiri, kisha hulalamika kwamba mtoto amewaharibia masomo.

Tena, kila anapoondoka mezani, aandike mstari mmoja wa kumwambia ni nini kinachofuata. Hajui ataitwa lini na kwa muda gani. Na kazi yake yote aiweke mahali pawili au patatu, maana maji ya kuogea yakimwagikia kompyuta hayachagui sura.

Sasa tuje kwenye usiku, ambako ndiko ndoa nyingi changa hupata jeraha lao la kwanza. Mume husema, na kwa kweli asema kwa nia njema, “Mimi siwezi kunyonyesha, basi heri nilale ili kesho niandike.” Ni kweli kwamba kunyonyesha ni kwa mama peke yake. Lakini kati ya mtoto kuamka na mtoto kulala tena zipo kazi nyingine nne au tano zisizotaka ziwa la mama. Kumbadilisha nepi, kumletea mama maji ya kunywa, maana anyonyeshaye huona kiu sana, kumpokea mtoto akishashiba na kumweka begani mpaka abeue, kumbembeleza hata alale, kuloweka nepi zilizochafuka. Baba akizitwaa hizo, mama hurudi usingizini nusu saa mapema kila mara, na katika usiku wenye maamsho matatu hiyo ni saa moja na nusu ya usingizi. Hakuna zawadi ya dukani iliyo sawa na hiyo. Aidha baba aweza kumlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi. Njia ya namna hiyo ilianzishwa mwaka 1978 mjini Bogotá, Colombia, na Daktari Edgar Rey Sanabria, kwa ajili ya watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, kwa sababu vifaa vya kuwatia joto havikutosha. Na imeonekana kwamba kifua cha baba chafaa kama cha mama.

Majirani watacheka wakimwona msomi anaanika nepi. Vicheko hivyo havijapata kumwua mtu.

Sheria haikumsaidia sana baba huyu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimwekea mama likizo ya uzazi ya siku 84 kwa uchache, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Baba ilimpa siku 3, nazo azichukue ndani ya siku 7 toka mtoto kuzaliwa. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, walimpa baba wiki mbili. Na hizo ni sheria za mwajiriwa. Mwanafunzi asiye na ajira hazimgusi. Kwake yeye, likizo ni ile atakayokubaliana na msimamizi. Kwa hiyo amweleze mapema, mimba ikiwa ya miezi sita au saba, si siku ile mkewe anapoingia wodini. Wasimamizi ni watu, na wengi wao ni wazazi. Mara nyingi hukubali sura icheleweshwe mwezi mmoja, bali huchukia kunyamaziwa. Mambo yakiwa mazito zaidi, kwa mfano mama akijifungua kwa upasuaji au mtoto akizaliwa kabla ya wakati, vyuo kwa kawaida vina kanuni ya kuahirisha masomo. Maombi hayo huandikwa kabla ya tarehe kupita. Yakiandikwa baadaye huitwa udhuru.

Tutwae sasa mfano mmoja wa historia, maana ndani yake mna mambo matatu ya kujifunza, na la tatu ni chungu.

Albert Einstein, ambaye kila aliyesoma fizikia alijua jina lake, alifunga ndoa na Mileva Marić tarehe 6 Januari 1903 mjini Bern katika nchi ya Uswisi. Mtoto wao wa kiume Hans Albert alizaliwa tarehe 14 Mei 1904. Siku hizo Einstein hakuwa profesa, wala hakuwa na shahada ya udaktari. Alikuwa mkaguzi wa daraja la tatu katika ofisi ya serikali iliyopima madai ya watu waliovumbua mitambo, akifanya kazi saa 8 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa mshahara wa faranga 3,500 kwa mwaka. Walipanga nyumba ndogo katika mtaa wa Kramgasse, nambari 49. Hata leo watu huenda kuitazama. Wageni waliofika kwao walisimulia baadaye jinsi walivyomkuta akibembeleza kitanda cha mtoto kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kitabu.

Tarehe 30 Aprili 1905, wiki mbili kabla mtoto hajatimiza mwaka, aliimaliza tasnifu yake, akaipeleka Chuo Kikuu cha Zurich, na mwezi wa Julai ikakubaliwa. Ilieleza njia ya kukadiria ukubwa wa molekuli kwa kutazama jinsi maji yanavyozidi kuwa mazito sukari iyeyukapo ndani yake, na jinsi sukari hiyo inavyosambaa. Na mwaka ule ule aliandika zile makala nyingine nne zilizobadili elimu ya fizikia duniani. Hatumtaji kwa ajili ya hizo. Mwanafunzi wa kawaida asijilinganishe nazo, atakata tamaa bure.

Jambo la kwanza la kujifunza ni urefu wa tasnifu ile: kurasa zake hazikufika 30. Alichagua swali moja, akalijibu, akanyamaza. Ni kweli kwamba vyuo vyetu vinataka kurasa nyingi zaidi, na kila fani ina desturi yake. Lakini mara nyingi mwanafunzi anayekwama ni yule aliyetaka kuitafiti mikoa minne ilhali wilaya moja ingetosha, tena akaongeza maswali kumi katika hojaji kwa sababu tu yalikuwa mazuri. Mkewe akishapata mimba, huo ndio wakati wa kwenda kwa msimamizi na kuomba ruhusa ya kulipunguza swali. Kulipunguza swali si woga. Mkulima naye hupunguza shamba mwaka ambao mikono ya kulima ni michache.

La pili ni kwamba tasnifu ile ilikuwa na kosa la hesabu. Kosa hilo lilikaa humo miaka kadhaa bila kuonekana, hata wachunguzi wengine walipopima na kuona namba hazipatani. Likatafutwa, na mwaka 1911 Einstein akatangaza sahihisho. Hakuna aliyemvua shahada yake. Twamwambia haya yule baba ambaye amekwisha andika sura zote tano na bado hathubutu kuzikabidhi, kila siku akiongeza marejeo mapya huku mkewe akihesabu miezi. Tasnifu si Maandiko Matakatifu. Ni mtihani, humalizwa, hupimwa, husahihishwa.

La tatu lamhusu Mileva. Mama huyu alizaliwa mwaka 1875 katika nchi ambayo leo ni Serbia. Mwaka 1896, zama ambazo wanawake katika elimu ya sayansi walihesabika kwa vidole, aliingia Chuo cha Ufundi cha Zurich, kundi moja na Einstein, akiwa mwanamke pekee kati yao. Mwaka 1900 alifanya mtihani wa mwisho akashindwa. Mwaka 1901 akaurudia akiwa mjamzito, akashindwa tena. Binti aliyezaliwa mwaka 1902, kabla ya ndoa yao, habari zake zimepotea katika historia. Masomo ya Mileva yakaishia hapo. Nyumba ile ya Kramgasse ilitoa daktari mmoja wa falsafa, lakini walioingia ndani wakiwa na akili na hamu ya elimu walikuwa wawili. Mwaka 1919 ndoa ilivunjwa mahakamani, na katika mapatano yao iliandikwa kwamba fedha za Tuzo ya Nobel, kama mume angeipata, zingekwenda kwa ajili ya Mileva na watoto. Tuzo ya mwaka 1921 alipewa mwaka 1922, na fedha zikaenda huko.

Hatusemi kwamba tasnifu ndiyo iliyoivunja nyumba ile. Mambo yalikuwa mengi, na mengine yalitokea miaka mingi baada ya Bern. Twasema tu kwamba msomaji akisimuliwa habari za baba yule mwenye kitabu mkono mmoja na kitanda mkono wa pili, aulize pia mama alikuwa wapi wakati huo, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika nini.

Turudi kwetu. Hapa baba hayuko peke yake kama Bern. Mama mkwe hufika, au mama mzaa baba, akiwa na mizigo yake, ili akae siku arobaini. Wa Kilimanjaro huja na habari za mtori, wa pwani na uji wa pilipili manga, na kila mahali mzazi hukandwa kwa maji ya moto. Huu ni msaada mkubwa. Wasomi wa ng’ambo huuonea wivu. Lakini una mambo yake. Nyumba hujaa, meza ya kuandikia hugeuka kuwa mahali pa beseni na makopo ya mafuta. Hapo ndipo baba hupata sababu njema ya kusema, “Naenda maktaba,” akatoka magharibi akarudi saa tano za usiku. Siku ya kwanza ni kweli alikwenda maktaba. Siku ya kumi alikaa na wenzake kantini akiwasimulia jinsi nyumba ilivyojaa. Rai yetu ni hii: aandike alfajiri kabla ya wengine kuamka, au aombe darasa tupu katika shule ya jirani au ukumbi wa parokia kwa saa mbili zinazojulikana, na saa zikiisha arudi. Mama aweza kustahimili saa mbili anazozijua mwanzo na mwisho wake. Asizojua mwisho wake humchosha kabla hazijaanza.

Liko na jambo moja ambalo ni baba tu awezaye kulisema kwa wazee bila kuvunja heshima. Shirika la Afya Duniani linaagiza kwamba mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja toka kuzaliwa, maziwa ya kwanza ya manjano yasikamuliwe na kutupwa, na kwa miezi sita asipewe kitu kingine chochote, hata maji. Bibi huona mtoto analia wiki ya tatu, husema maziwa hayatoshi, na mkono wake huenda kwenye sufuria ya uji. Mama mzazi, aliyechoka na ambaye bibi ni mama yake au mama mkwe wake, hana nguvu ya kukataa. Basi baba na aseme yeye: “Mama, shikamoo na ahsante kwa kutulea. Kliniki wametuambia maziwa tu mpaka miezi sita. Nisaidie tulifuate hilo.” Aseme mara moja, kwa upole, mbele ya wote. Hapo amefanya kazi kubwa kuliko kurasa kumi za sura ya pili.

Kliniki nayo haitaki kungojea nafasi. Mtoto hupata chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio akizaliwa. Kisha huenda akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14. Kisha miezi 9 na miezi 18 kwa surua na rubela. Baba ayaandike majira hayo katika kalenda ileile anayoandika tarehe za Chuo, kwa wino uleule. Na zipo dalili ambazo hazitaki kungoja hata kuche: mtoto akikataa kunyonya, akiwa na joto kali au baridi isiyo ya kawaida, akipumua kwa haraka au kwa shida, akishikwa na degedege, au kitovu kikivimba na kutoa usaha. Hapo kompyuta hufungwa, hutafutwa gari. Ndani ya siku 90 kizazi chake kiandikishwe serikalini, maana cheti kinachotafutwa baada ya miaka saba huligharimu kundi zima la ndugu nauli na viapo.

Juu ya fedha tutasema kidogo. Mtoto anyonyaye si ghali kama watu wanavyodhani. Ziwa halinunuliwi, chandarua chenye dawa mara nyingi hutolewa kliniki, na nguo za wiki sita za kwanza huazimwa kwa shangazi. Fedha za wanafunzi wengi huangamia katika sherehe. Kanuni za Kanisa za mwaka 1983 zinawataka wazazi wahakikishe kwamba mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza. Hazisemi neno juu ya turubai, vipaza sauti wala mbuzi wawili. Tumesikia ubatizo ukiahirishwa mwaka mzima kwa kungojea fedha za karamu, na karamu ikishafanywa, karo ya muhula wa mwisho ikakosekana. Heri chai na maandazi baada ya Misa.

Liko jingine ambalo wanaume hawapendi kulizungumza. Wanawake wengi, siku ya tatu hata ya tano baada ya kujifungua, hulia bila sababu wanayoijua. Kwa kawaida hupita kabla ya wiki mbili kwisha. Isipopita, au mama akianza kumwogopa mtoto, kukosa usingizi hata mtoto alalapo, au kusema kwamba heri asingekuwapo, huo ni ugonjwa, si tabia, nao una tiba hospitalini. Tena madaktari wametambua kwamba baba naye aweza kushikwa nao katika mwaka wa kwanza. Kwake hujionyesha kwa namna nyingine: hukasirika kwa jambo dogo, hukaa nje sana, hunywa, hufungua tasnifu kila siku bila kuandika neno. Anayejiona hivyo aende kwa daktari, au aanze kwa padre wake au rafiki mmoja mwenye umri. Kukaa miezi mitatu mbele ya ukurasa mtupu si uvivu sikuzote.

Hatimaye siku ya kuitetea tasnifu hufika. Jopo huuliza, mwanafunzi hujibu, na mara nyingi huambiwa amefaulu lakini afanye masahihisho. Hapa wengi hulegea. Hudhani wamekwisha maliza, huvuta pumzi, na masahihisho ya wiki nne huenda miezi minane. Mke amekwisha waambia ndugu zake kwamba mume amemaliza. Kumbe angali anatoka alfajiri na kurudi giza. Masahihisho hayo baba ayahesabu kuwa sehemu ya kazi, ayafanye upesi kabla ya mtoto kuanza kutambaa, maana mtoto anayetambaa ataka macho kuliko yule wa kulala, naye hupenda sana nyaya.

Baada ya hapo liko neno moja la kupanga kati ya mume na mke, na lipangwe kabla ya siku ya majoho, si baada yake. Wako akina mama wengi katika nyumba hizi ambao walikuwa na barua ya kukubaliwa chuoni, au walikuwa wamebakiza mwaka mmoja wa stashahada, wakaiweka barua kabatini mtoto alipokuja. Mume na akae na mkewe, wachukue karatasi, waandike: mwaka gani mama ataanza, karo itatoka wapi, na jioni za wiki ni nani atakayemwogesha mtoto na kumlisha. Karatasi hiyo waitundike ukutani pale ilipokuwa imetundikwa kalenda ya tasnifu. Mama akianza mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu, mtoto atakuwa anatembea, anakula ugali na mboga pamoja na wenzake, na baba atakuwa amekwisha zoea zamu ya usiku.